Mwanafunzi Aliyezinduliwa

Kuna nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa, kwa kuwa sheria ya huko inamtaka kila anayelitaja na kila anayelisikia asimame wima mpaka liishe, na si uungwana kumsimamisha msomaji ambaye keshapata kiti. Itoshe kusema ni nchi yenye amani ya kupindukia. Watu wake hulala mapema, na ukiwasalimu hukujibu kwamba hali ni nzuri kabla hujamaliza kuuliza.

Kiongozi wao aliitwa Mzinduzi Mkuu. Wenye kumbukumbu wanasema zamani cheo chake kilikuwa na jina jingine na kazi nyingi, lakini kazi hizo zilionekana kumchosha, zikagawiwa wapwa zake, yeye akabakiwa na ile aliyoipenda kwa dhati, yaani kukata utepe. Alikata utepe wa visima, wa shule, wa vyoo vya stendi, wa mizani ya kupimia pamba. Mwaka mmoja alizindua mvua. Ilikuwa imekwisha kuanza kunyesha, lakini redio ilitangaza kwamba bado, na wananchi wakakaa ndani bila kuiona mpaka alipofika na mkasi wake.

Siku moja, akipita na msafara karibu na bomba la maji alilokuwa amelizindua, aliona jambo lililomtia simanzi. Watu walikuwa wanachota maji. Palikuwa na ndoo, palikuwa na tope, na mbwa mmoja alikuwa akilamba pale pale mkono wa Mzinduzi Mkuu ulipogusa. Hakula chakula cha mchana. Bunge likakaa jioni ile ile na kupitisha Sheria ya Kutunza Hali ya Uzinduzi, kwamba kitu chochote kilichozinduliwa kibaki kama macho ya Mzinduzi Mkuu yalivyokiona, mpaka yatakapokiona tena. Bomba likapigwa kufuli. Daraja jipya la mto Kibumbwi likazungushiwa kamba, na watu wakawa wanavuka chini yake, maji yakiwafika kifuani, wakiinua macho kulitazama kwa fahari. Na katika wodi mpya ya hospitali ya mkoa, mgonjwa aliyekuwa kitandani siku ya utepe alipopona alirudishwa kitandani kwa heshima zote. Bado yuko pale. Wanasema siku hizi anaumwa kweli.

*

Mambo hayo hayakumsumbua sana Feruzi, fundi baiskeli wa mtaa wa Vumbini, kwa sababu katika maisha yake hakuna kitu chake kilichowahi kuzinduliwa. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, Kibibi, na Kibibi alikuwa na ulemavu wa akili. Alizaliwa nao. Maneno yalimtoka polepole, mambo yalimwingia polepole, lakini yakishaingia hayakutoka tena. Vinginevyo alikuwa msichana mcheshi, mbishi, mpenda nguo za njano, na ukimkatiza akizungumza aliianza upya hadithi nzima, kwa hiyo watu wa Vumbini walikuwa wamejifunza kusikiliza.

Serikali ilikwisha kupiga marufuku maneno hayo, ulemavu wa akili, kwa kuwa yaliwahuzunisha viongozi. Wizara ilifanya semina kadhaa katika hoteli za ufukweni kutafuta jina zuri zaidi, ikapata jina zuri kweli, "wenye mwendo wa pekee", na fungu lote lililotengwa kwa ajili ya watu hao likaishia katika kutafuta jina lao. Feruzi aliendelea kusema vile alivyozoea. Alikuwa na neno jingine alilolipenda zaidi. Walipomwambia kwamba bintiye hawezi kwenda dukani peke yake, alisema anaweza, akawa anamfuata kwa nyuma akijibanza kwenye kuta za watu, hadi siku ile aliporudi na sukari na chenji kamili. Walipomwambia hawezi kushika pasi ya mkaa, alisema anaweza, na shati lililoungua alilivaa yeye mwenyewe hadharani. Mtaani wakawa wanamwita Baba Anaweza, wengine kwa heshima, wengine kwa kumcheka. Yeye aliitika wote sawasawa.

Kibibi alisoma katika kitengo cha watoto kama yeye kwenye shule ya msingi mpaka mwalimu wa kitengo akasema elimu yao imeishia hapo. Wenzake wakarudi kukaa vibarazani. Kibibi hakutaka kibaraza. Kila asubuhi alisimama mbele ya tanuri la mikate la mtaani, akivuta harufu, mpaka mwenye tanuri amfukuze, na kila jioni alimwambia baba yake maneno yale yale.

"Nataka chuo, baba. Nijue mikate."

Feruzi alishakwenda kuuliza katika Chuo cha Taifa cha Upishi na Ukarimu. Walimwambia karo, wakamwambia na cheti cha darasa ambalo Kibibi hakuwahi kulikaa, kisha wakamwonyesha mlango. Hakumwambia bintiye. Alimwambia, "Utajua, mwanangu," na akilala alikuwa akijiuliza amemwahidi kwa kutegemea nini.

*

Ikawa wafadhili wa kigeni wakaiuliza serikali, kwa upole, ni vijana wangapi wenye mwendo wa pekee wanaosoma vyuoni. Jibu la kweli lilikuwa hakuna hata mmoja, na jibu hilo lilionekana kukosa adabu. Ndipo ukaanzishwa Mfuko wa Mlango Wazi, na mkurugenzi wake akateuliwa Dakta Mhandisi Kasongwa, mtu mpole, mnene kidogo, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Mfuko ulitangaza kwamba utamlipia kijana mmoja kila kitu. Mmoja, alieleza Dakta Mhandisi, ni mwanzo mzuri, kwa sababu ukianza na wawili unashindwa kujua umeanza na yupi.

Usaili ulifanyika kwenye uwanja wa mpira. Feruzi alimpeleka Kibibi akiwa na gauni lake la njano, tena njia nzima amemfundisha majibu ya mikate, hamira ni nini, unga huchekechwa kwa nini. Hakuna aliyeuliza. Wazazi waliambiwa wawasimamishe watoto wao kwenye goli moja, na kamati ikakaa kwenye goli la pili, wakafinya macho kwa jua na kutazama. Kulikuwa na kijana mmoja asiyejua kuhesabu vidole vyake, mtoto mtaratibu sana, lakini uso wake ulifanana na nyuso za watu wote. Kamati ilimkataa. Katibu alimfuata mama yake akamweleza kwa huruma kwamba hali ya mwanawe haionekani kutoka jukwaani, wala kwenye picha za gazeti haitaonekana, na kwamba wasikate tamaa. Mama akauliza afanye nini. Katibu akamshauri amtunze.

Uso wa Kibibi ulikuwa mviringo, macho yake madogo yameinuka pembeni, shingo yake fupi, na kutoka goli hadi goli hakuna aliyeweza kukosa kuiona hali yake. Alipata alama zote. Feruzi alirudi Vumbini akimbeba bintiye kwenye baiskeli, mtu mzima yule, akipiga kengele mtaa mzima utoke kuwaona. Usiku ule alilala usingizi mtamu kuliko alivyowahi kulala tangu mkewe afariki.

*

Chuo kilijenga lango jipya kwa fedha za Mfuko. Lilikuwa lango la fahari, nguzo zake zimenakshiwa, pana kiasi cha kupitisha tembo wawili wakiwa wamesimama bega kwa bega. Feruzi aliuliza darasa liko wapi. Aliambiwa Mfuko ni wa mlango, na jina linajieleza.

Siku ya uzinduzi walimsimamisha Kibibi katikati ya lango, mguu mmoja nje, mguu mmoja ndani, sare nyeupe imepigwa wanga hata inasimama yenyewe. Walikuwa wamemkaririsha sentensi moja. Mzinduzi Mkuu alifika, akakata utepe, akamshika mkono, kisha akahutubia mpaka vivuli vikabadilisha upande.

"Nchi nyingine zinafungua milango," alisema. "Sisi hapa palikuwa na ukuta. Tumeufungua ukuta, tukauita mlango. Leo binti huyu ameingia. Naomba historia iandike kwamba ameingia. Aliyeingia ameingia, na hakuna wa kusema hajaingia."

Alipomgeukia Kibibi, Kibibi akasema vizuri kabisa, "Mimi ni mwanafunzi mpya," halafu, kwa kuwa hakuna aliyemkatiza, akaongeza kwamba anataka kujua mikate. Watu wakapiga makofi. Feruzi, aliyekuwa amepewa kiti cha mstari wa mbele pamoja na chupa ya maji, alilia machozi bila kujificha. Hakuwatazama wale vijana wawili wenye glovu nyeupe waliokuwa wakizunguka lango kwa utaratibu, wakipima kwa macho urefu wa soksi za bintiye, vifungo vyake, na namna alivyokuwa amesuka nywele.

*

Alipokwenda kumtembelea mara ya kwanza alimkuta Kibibi chumbani, amekaa pembeni mwa kitanda, sare ile ile, wanga ule ule, nywele zimesukwa mtindo ule ule. Chumba kilikuwa kisafi mno. Nje ya mlango alisimama kijana wa glovu.

"Umejifunza nini, mwanangu?"

"Kusimama," alisema Kibibi. "Nasimama langoni. Wageni wanakuja, nasimama. Wakiondoka narudi. Baba, mikate lini?"

Feruzi akadhani masomo yamechelewa tu, kama mambo yote yanavyochelewa. Alikwenda ofisini kwa Dakta Mhandisi Kasongwa, akakaribishwa chai, akaelezwa kwa utulivu. Kibibi alizinduliwa akiwa mwanafunzi mpya. Wafadhili wanakuja kwa zamu, na kila wanapokuja lazima wamkute mwanafunzi mpya akiingia. Sasa mtu ukimfundisha, akajua, atakuwa mpya tena kwa namna gani? Itakuwa ni kuharibu hali ya uzinduzi, na hiyo ni jinai. Kwa sababu hiyo chuo kimemwajiri Mhifadhi maalumu, ambaye kila wiki anamuuliza Kibibi maswali kuhakikisha kwamba bado hajui kitu.

"Na akijua?"

"Hatujafikia hapo," alisema Dakta Mhandisi. "Anaendelea vizuri sana. Wiki iliyopita alikosa yote."

Feruzi alikiweka kikombe mezani. Alisema kwa heshima kwamba kama ni hivyo basi angependa kumrudisha bintiye nyumbani, na kuwashukuru sana kwa ukarimu wao. Dakta Mhandisi alitabasamu kwa huzuni ya kweli. Alimkumbusha habari ya daraja la Kibumbwi, jinsi msichana mmoja wa kuuza karanga alivyopita juu yake usiku wa mvua, akavuka salama, na asubuhi yake daraja likavunjwa kwa kuwa lilikwisha kuchakaa. Kuhusu msichana wa karanga hakusema kitu. Alimimina chai nyingine, akauliza kama Feruzi anatumia sukari.

Njiani kurudi, Feruzi aliendesha baiskeli bila kuona barabara. Majirani walimuuliza Kibibi anaendeleaje na masomo. Aliwaambia anaendelea vizuri sana, na kwa mara ya kwanza aliona kwamba alikuwa amejibu kabla hawajamaliza kuuliza.

*

Lakini chuo ni chuo, na walinzi nao wana matumbo. Nyuma ya jengo palikuwa na jiko, na jikoni palikuwa na Bi Mashavu, mwanamke mwenye mikono minene na ulimi usiojua kupumzika, aliyewaokea walinzi mikate ya alfajiri. Sheria haikuwahi kumfikia jikoni kwa sababu jiko halikuwahi kuzinduliwa. Alfajiri moja, walinzi wakiwa wanakula, alimwona Kibibi amesimama dirishani anavuta harufu. Akamfungulia.

Alimwonyesha kukanda mara moja, Kibibi akamwaga unga. Akamwonyesha tena, akamwaga tena. Bi Mashavu hakuwa na subira kwa mtu yeyote duniani, mumewe alimkimbia kwa sababu hiyo, lakini kwa binti huyu aliipata subira asijue imetoka wapi. Walikanda pamoja donge moja, mikono ya yule juu ya mikono ya huyu, kila alfajiri, kabla Mhifadhi hajaamka. Halafu mikono ya juu ikaondolewa.

Feruzi alizipata habari hizo siku Kibibi alipomshika mkono, akamvuta hadi nyuma ya jiko, na kumtolea kitu chini ya mtandio. Ulikuwa mkate, mdogo, umepinda upande, bado una moto. Alimweleza yote bila haraka. Hamira kwanza na maji ya uvuguvugu, siyo ya moto, ya moto yanaiua. Sukari kidogo. Unasubiri. Unakanda mpaka donge liache kushika vidole. Unafunika. Unasubiri tena, na hapo usifunue kuchungulia, Bi Mashavu anapiga.

"Mimi nimeoka," alisema. "Peke yangu. Yeye alikuwa amekaa."

Feruzi aliula mkate wote pale pale, amesimama, akilia na kutafuna. Alimwambia ni mkate mtamu kuliko yote aliyopata kula. Alimwambia, "Nilisema unaweza, au sikusema?" Kibibi alicheka mpaka akajishika kiuno. Bi Mashavu alitoa kichwa dirishani akawaambia wacheke kwa ndani, na kwamba mzee aende zake, na mtoto anawe mikono mpaka kwenye kucha.

Furaha ile ilimdumu Feruzi mpaka getini. Hapo alimwona Mhifadhi amesimama, kijana mwembamba wa glovu mwenye adabu, ambaye alimwamkia shikamoo vizuri kabisa huku akimtazama ndevu. Feruzi alizipangusa alipofika mbali, akakuta chembe za mkate.

*

Wiki ile Mhifadhi hakumuuliza Kibibi maswali. Alimwomba tu anyooshe mikono. Chini ya ukucha wa kidole gumba alikuta unga uliokauka, akaukwangua kwa ncha ya kisu na kuuweka ndani ya bahasha.

Dakta Mhandisi Kasongwa mwenyewe alikuja Vumbini. Alikaa kwenye benchi la kibanda cha baiskeli, gari lake limeziba njia, na mtaa mzima ukaingia ndani ghafla. Alizungumza kwa sauti ile ile ya kubembeleza. Kuna tuhuma, alisema, kwamba mwanafunzi mpya ameoka mkate. Sheria iko wazi. Kitu kilichozinduliwa kikionekana kimebadilika, basi ama kilikuwa bandia tangu mwanzo, ama hakijabadilika. Yako hayo mawili. Kama Kibibi anaweza kuoka, ina maana hakuwa na mwendo wa pekee, na baba yake aliidanganya serikali, wafadhili na Mzinduzi Mkuu aliyemshika mkono. Kama hawezi, basi mkate uliokwa na mtu mwingine, na mambo yataendelea vizuri.

Feruzi aliuliza: "Mheshimiwa, la tatu je? Kwamba amejifunza?"

Dakta Mhandisi alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Hilo halimo," alisema.

"Na kikiwa bandia, hicho kitu, kinafanywaje?"

"Huondolewa."

"Kikapelekwa wapi?"

"Huondolewa, mzee wangu," alisema Dakta Mhandisi, akashika mpira wa baiskeli uliokuwa ukutani, akaubonyeza kuona kama una upepo. Alisema kwamba kamati haitamuuliza binti, kwani neno lake halina uzito kisheria. Itamuuliza mzazi. Neno moja tu. Na yeye Kasongwa, kwa hisani yake, akisikia neno zuri, ataomba Kibibi apewe ruhusa ya kwenda nyumbani wakati wa Idi, jambo ambalo halijawahi kutolewa kwa kitu chochote kilichozinduliwa.

Feruzi alibaki kibandani, mpira ule ameachiwa mkononi. Alijua neno linalotakiwa ni lipi. Alilijaribu mdomoni kwa sauti ya chini, na lilikuwa jepesi.

*

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa chuo. Kamati ilikaa nyuma ya meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Mbele yao walimweka Kibibi, na kwa kuwa ushahidi unatakiwa uwe mbichi, aliamriwa aoke hapo hapo kwenye jiko la muda, huku mwenyekiti akisoma utangulizi wa sheria. Alikanda. Alifunika. Alisubiri, na mjumbe mmoja alipotaka kufunua kuchungulia, Kibibi alimpiga kofi la mkono taratibu, akatikisa kichwa. Utangulizi ulikuwa mrefu kiasi kwamba ulipokwisha, mikate sita ilikuwa mezani inatoa mvuke. Ilikuwa ya mviringo mizuri, hakuna hata mmoja uliopinda. Kibibi alisimama kando yake, amekunja mikono, akimtazama baba yake na kusubiri asifiwe.

"Mzee Feruzi," alisema mwenyekiti, "wewe ndiye uliyemlea. Binti huyu anajua kuoka mikate, au hajui?"

Feruzi alimtazama bintiye. Alimwona Mhifadhi amesimama nyuma yake, glovu zimefuliwa upya. Aliona dirisha, na nje ya dirisha gari lisilo na namba, mlango wake wa nyuma umeachwa wazi. Alimfikiria yule msichana wa karanga, ambaye hata jina lake hakulijua.

"Hajui," alisema.

"Sauti, mzee."

"Hajui."

"Na anaweza kujifunza?"

Ungeweza kusikia maganda ya mikate yakipasuka yanapopoa.

"Hawezi," alisema Feruzi. "Hakuwahi kuweza."

Kamati ilishusha pumzi. Mwenyekiti alitamka kwamba mwanafunzi yuko katika hali ileile ya uzinduzi, hana dosari, na akaipongeza familia kwa uzalendo. Kwa kuwa saa ya chai ilikuwa imefika, wajumbe walisogeza vikombe, wakaikata ile mikate, wakaipaka siagi, na kila mmoja akakiri kwamba ni laini ajabu. Mjumbe aliyepigwa kofi la mkono alikula vipande vitatu. Walipokuwa wanakula, Bi Mashavu aliitwa kutoka jikoni kuulizwa swali dogo huko nje. Alitoka na aproni yake, akilalamika kwamba ameacha sufuria motoni. Mlango wa gari ulifungwa. Sufuria iliungua mpaka harufu ikafika ukumbini, na mtu mmoja akaenda kuiepua.

Feruzi hakuuliza. Alikuwa anamtazama Kibibi, na Kibibi alikuwa amekunjua mikono, anaitazama kama vitu alivyoazimwa.

*

Idi ilipofika, Dakta Mhandisi Kasongwa alitimiza ahadi, kwani alikuwa mtu wa maneno yake. Feruzi alikwenda chuoni amevaa kanzu, baiskeli ameifunga mto kwenye kiti cha nyuma. Nyumbani alikuwa ameandaa kila kitu. Alinunua unga, alinunua hamira, alichimba nyuma ya nyumba na kujenga kijitanuri cha udongo, kwa siri, kwa mikono yake, na juu yake akakiwekea majani ya migomba ili majirani wasikione. Alikuwa ameyapanga maneno ya kumwambia bintiye.

Walinzi walimleta Kibibi hadi langoni wamemshika mikono, mmoja huku, mmoja kule, kama walivyozoea kumleta kila wageni wanapokuja. Feruzi alimkumbatia. Kibibi alikumbatiwa.

"Twende nyumbani, mwanangu. Nimekujengea tanuri. Utaoka mpaka uchoke."

Kibibi aliutazama mto wa baiskeli, na baba yake, aliyemjua, hakumharakisha.

"Ulisema sijui," alisema Kibibi.

"Nilisema ili wasikuchukue. Yalikuwa maneno tu, Kibibi. Ya kuwadanganya wale."

"Ulisema siwezi. Mikate ilikuwa pale. Uliiona."

"Niliiona, mama."

"Hapa wote wanasema siwezi," alisema Kibibi polepole, akichagua neno baada ya neno. "Kila siku wanasema. Lakini hawa si baba zangu."

Feruzi alinyoosha mkono. Kibibi aliutazama, hakuushika wala hakuusukuma. Kisha aligeuka, akalivuka lango kwa miguu yote miwili, akaenda zake ndani bila kushikwa na mtu.